Gitaa ya besi na sauti ya Mama: kujifunza misingi ya muziki kwa faida ya kanisa



Mara nyingi tunawaletea mafundisho ya Neno na habari za parokia. Leo tunaleta jambo ambalo wengine wataliona kuwa la vijana wa muziki peke yao: namna ya kujifunza misingi ya muziki kwa gitaa ya besi, ile gitaa ya kamba nne yenye sauti nzito. Tunaomba wazee na wamama wasiache kusoma hapa. Jambo hili lilitufikia kwa njia ya kosa letu wenyewe, na kosa hilo lilimuumiza mama mmoja wa kanisa.

Kosa letu

Katika parokia yetu kuna mama mzee, mjane, ambaye tangu zamani alikuwa mwanzishaji wa nyimbo. Wakati kanisa lilikuwa bado la miti na udongo, bila umeme, yeye ndiye aliyeinua wimbo na kutaniko lote likamfuata. Kisha vyombo vikafika: piano, gitaa ya solo, gitaa ya besi na bafle mbili. Tulimshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo, kila mara Mama alipoanzisha wimbo, vyombo viligombana na sauti yake. Vijana wakasema, «Mama hashiki toni.» Na sisi wachungaji tukaamini maneno yao bila kuchunguza.

Tukamwomba Mama angoje piano impe sauti kwanza, tena katika Do, kwa sababu mpiga piano wetu alijua kupiga katika Do tu. Mama alijaribu Jumapili mbili. Wimbo ulikuwa juu mno kwa koo lake. Jumapili ya tatu akaketi kwenye viti vya nyuma, wala hakuanzisha wimbo tena. Tulipomtembelea nyumbani, alituambia kwa upole: «Baba Mchungaji, mimi siwezi kufika kwenye Do yenu. Muache watoto waimbe.» Tulirudi tukiwa na huzuni, lakini hatukujua tufanye nini.

Baadaye vita vikatawanya watu. Mpiga besi wetu akahama na jamaa yake, na gitaa ikabaki imetundikwa ukutani mwa chumba cha korali. Ndipo tukaamua kuishika sisi wenyewe, mchungaji wa miaka zaidi ya arobaini, na kijana mmoja wa sekondari akakubali kuwa mwalimu wetu. Katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 25, tunasoma kwamba waimbaji wa Bwana waliofundishwa walikuwa 288, na kwamba walipiga kura za zamu zao wote sawa, mdogo kwa mkubwa, mwalimu pamoja na mwanafunzi. Tulikuwa tumehubiri sura hiyo. Sasa tukaanza kuiishi.

Besi inafanya kazi gani?

Watu wengi kanisani hawasikii besi mpaka siku inapokosekana. Siku hiyo wanasema, «Leo wimbo hauna nguvu,» bila kujua sababu. Besi ni kama msingi wa nyumba: hakuna mgeni anayeusifu, lakini kuta zote zinausimamia.

Ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuonyesha wimbo umesimama juu ya sauti gani. Ya pili ni kushika mwendo pamoja na ngoma. Gitaa ya solo inapamba, piano inajaza, korali inasema maneno. Besi inawaambia wote: tuko hapa, na sasa tunaenda pale.

Kazi hiyo ni ya zamani kuliko chombo chenyewe. Gitaa ya besi ya umeme ilianza kuuzwa kwa wingi kuanzia mwaka wa 1951, wakati Mmarekani Leo Fender alipotoa besi yake ya kwanza, iitwayo Precision Bass. Lakini zamani zaidi, katika makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani, wapiga kinanda wa wakati wa Johann Sebastian Bach (1685–1750) walisoma mara nyingi mstari mmoja tu wa sauti za chini, ukiwa na namba ndogo zilizoandikwa kando yake. Kutokana na besi hiyo na namba hizo walijua akordi zote za kupiga. Na hapa kwetu Congo, Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa wa Katanga ambaye Hugh Tracey alirekodi nyimbo zake mwaka wa 1952, alikuwa peke yake na gitaa moja. Kidole gumba kilipiga sauti za chini, vidole vingine vikaimba juu. Gumba lake lilifanya kazi ya mpiga besi.

Ndiyo maana tunasema: anayetaka kuelewa muziki kwa matendo, besi ni darasa zuri. Kwa kawaida inapiga sauti moja kwa wakati mmoja, wala haikufichi. Ukikosea, kanisa lote linatikisika.

Majina matatu ya sauti moja

Shida yetu ya kwanza haikuwa ya vidole. Ilikuwa ya majina.

Kijana aliyetufundisha alitumia majina ya Kifaransa kama tunavyoyatumia mashuleni: Do, Re, Mi, Fa, Sol, La, Si. Hapo Do ni sauti moja isiyohama. Video alizotazama kwenye simu zilitumia herufi: C ni Do, D ni Re, E ni Mi, F ni Fa, G ni Sol, A ni La, B ni Si. Tuandike orodha hiyo ukutani mwa chumba cha korali, kwa maana itaokoa mabishano mengi.

Lakini kuna namna ya tatu, na hiyo ndiyo iliyotufungua macho. Wamisionari wengi walileta Afrika solfa ya John Curwen, mchungaji wa Uingereza katika karne ya 19, aliyeendeleza kazi ya mwalimu mmoja mwanamke, Sarah Glover. Katika solfa hiyo, «do» inahama. Do ni nyumbani mwa wimbo, popote unapoanza: ukiimba chini, do iko chini; ukiimba juu, do inapanda pamoja nawe. Wazee wetu wengi wa korali walifundishwa hivyo.

Tulipoelewa hilo, tulikumbuka maneno ya Mama: «Do yenu.» Hakuwa amekosea. Kwake, kila wimbo una do yake. Kwetu, Do ilikuwa kibonyezo kimoja cha piano. Tulitumia neno moja kwa mambo mawili, kisha tukamhukumu yeye kwamba hajui.

Tangu hapo katika korali yetu tunatumia Do, Re, Mi kwa sauti zisizohama, na kwa nyumba ya wimbo tunasema «moja». Sauti zinazofuata ni mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Wazee na vijana wote wanaelewa.

Kamba nne na hesabu ya tano

Shika gitaa. Kamba nene kabisa, iliyo juu karibu na kidevu chako, ni Mi. Inafuata La, kisha Re, kisha Sol iliyo nyembamba. Jifunze kwa kusema kwa sauti: Mi, La, Re, Sol.

Shingo ya gitaa imegawanywa kwa vyuma vidogo. Kila nafasi kati ya chuma na chuma ni hatua moja ndogo, yaani nusu toni. Ukiruka nafasi mbili, umefanya toni nzima. Hesabu nafasi 12 kwenye kamba moja na utarudi kwenye sauti ile ile, lakini juu zaidi. Chuma cha 12 kimewekwa katikati kabisa ya urefu wa kamba. Kamba ya La ikiachwa wazi hutetemeka mara 55 kwa sekunde. Ukiigusa nafasi ya 12, hutetemeka mara 110. Nusu ya urefu, mara mbili ya mtetemo. Mungu ameweka utaratibu hata ndani ya waya.

Kutoka kamba moja hadi nyingine ni hatua tano. Kwa hiyo, ukibonyeza nafasi ya 5 ya kamba ya Mi, unapata La, sawa kabisa na kamba inayofuata ikiwa wazi. Nafasi ya 5 ya La ni Re. Nafasi ya 5 ya Re ni Sol. Hiyo ndiyo njia ya kulinganisha kamba bila simu na bila umeme: piga nafasi ya 5, piga kamba inayofuata, sikiliza. Kama sauti mbili zinatikisika kama mawimbi, bado hazijakubaliana. Zungusha ufunguo polepole mpaka mawimbi yatulie. Usianze ibada kabla ya kufanya hivyo. Gitaa isiyolinganishwa haiponywi na maombi ya dakika ya mwisho.

Sasa jifunze majina kwenye kamba mbili nene tu, mpaka nafasi ya 8. Kwenye kamba ya Mi: wazi ni Mi, nafasi ya 1 ni Fa, ya 3 ni Sol, ya 5 ni La, ya 7 ni Si, ya 8 ni Do. Kwenye kamba ya La: wazi ni La, nafasi ya 2 ni Si, ya 3 ni Do, ya 5 ni Re, ya 7 ni Mi, ya 8 ni Fa. Angalia kwamba kati ya Mi na Fa, na kati ya Si na Do, kuna hatua moja tu. Kwingine kote ni mbili. Nafasi zilizobaki katikati zina majina mawili: nafasi ya 4 ya kamba ya Mi ni Sol diezi ukitoka chini, au La bemoli ukitoka juu. Ni mahali pamoja.

Ngazi ya sauti saba

Imba do, re, mi, fa, sol, la, si, do kama ulivyofundishwa ukiwa mtoto. Hatua zake ni hizi: toni, toni, nusu, toni, toni, toni, nusu. Hiyo ni ngazi kubwa. Nyimbo nyingi sana za kitabu chetu zinakaa ndani yake.

Weka kidole cha kati kwenye nafasi ya 3 ya kamba ya La. Hiyo ni Do, tuite moja. Nafasi ya 5 ya kamba hiyo hiyo ni mbili. Hamia kamba ya Re: nafasi ya 2 ni tatu, ya 3 ni nne, ya 5 ni tano. Hamia kamba ya Sol: nafasi ya 2 ni sita, ya 4 ni saba, na ya 5 ni moja ya juu. Umepanda ngazi yote bila kusogeza mkono.

Sasa fanya hivyo hivyo ukianza nafasi ya 3 ya kamba ya Mi, yaani Sol. Vidole vinafuata umbo lile lile, na ngazi inatoka sawa. Unapofika saba, utakuwa umepiga Fa diezi. Hukuifikiria, umbo la vidole limekupeleka. Hapo ndipo tulipofurahi kama watoto. Piano ina vibonyezo vyeupe na vyeusi, na kila ngazi ina umbo lake; ndiyo sababu mpiga piano wetu alibaki katika Do. Lakini kwenye besi umbo halibadiliki. Ukijua ngazi moja, umejua zote. Unahamisha mkono tu.

Shuleni kwa teolojia tulijifunza sarufi ya Kiyunani. Mwanzoni tulilalamika: kwa nini kukariri miisho ya maneno? Baadaye tuliona kwamba aliyejua miisho aliweza kusoma mstari ambao hajawahi kuuona. Muziki ni hivyo. Wapo ndugu wanaopiga vizuri bila kujua ngazi, kama vile mtoto anavyosema Kiswahili cha mama yake bila kitabu. Hatuwadharau. Lakini siku wimbo unapohama, sarufi ndiyo inayowasaidia.

Nyumba tatu: moja, nne, tano

Wimbo ni kama mtu anayetoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni. Nyumbani ni moja. Nne ni kwa jirani: umetoka, lakini bado una raha. Tano ni barabara ya kurudi: ukisimama hapo, kila sikio linangoja ufike.

Kwenye besi, nyumba hizi tatu zinakaa karibu. Kama moja iko kwenye kamba ya Mi, nne iko nafasi ile ile kwenye kamba ya La, na tano iko nafasi mbili mbele yake. Mfano: moja ni Sol, nafasi ya 3 ya kamba ya Mi. Nne ni Do, nafasi ya 3 ya kamba ya La. Tano ni Re, nafasi ya 5 ya kamba ya La. Kwa sauti hizo tatu peke yake unaweza kusindikiza nyimbo nyingi za ibada kutoka mwanzo hadi mwisho.

Akordi nayo ni sauti tatu zinazopigwa pamoja kwa kuruka moja moja kwenye ngazi: moja, tatu, tano. Katika Do ni Do, Mi, Sol. Kama kutoka sauti ya kwanza hadi ya pili ni nusu toni nne, akordi ni kubwa na ina furaha. Kama ni tatu, akordi ni ndogo na ina huzuni, kama Re, Fa, La. Katika ngazi kubwa, akordi za moja, nne na tano ni kubwa. Za mbili, tatu na sita ni ndogo. Ya saba haitulii, na mwanafunzi mpya aiache kwanza.

Jaribu jambo hili. Mwambie mpiga piano ashike Do, Mi, Sol asiachie. Wewe piga Do chini: ni furaha, mambo ni mazuri. Sasa piga La chini, naye asibadilishe chochote. Wimbo umegeuka kuwa wa mtu anayekumbuka aliyeondoka. Kidole kimoja cha besi kimebadili maana ya kila kitu kilicho juu yake. Kwa hiyo mpiga besi ana mamlaka kubwa, na anapaswa kuogopa kuyatumia ovyo.

Kumtafuta mwanzishaji pale alipo

Hapa tunafika kwenye jambo lililotuumiza. Mama anaanzisha wimbo bila piano. Je, moja iko wapi?

Vijana wetu walikuwa wanafanya hivi: wanakamata sauti ya kwanza anayoimba, na kuihesabu kuwa nyumbani. Kumbe nyimbo nyingi hazianzi nyumbani. Nyingi zinaanza kwenye tano ya chini, kisha zinapanda hadi moja kwenye neno lenye uzito. Kwa hiyo walimsikia akianza na Mi bemoli, wakapiga akordi ya Mi bemoli, wakati wimbo ulikuwa unakaa La bemoli. Mstari wa kwanza ulivumilika kidogo, wa pili ukavunjika. Kisha wakasema Mama hashiki toni. Yeye alikuwa ndani ya toni tangu neno la kwanza. Sisi ndio tuliokuwa nje.

Njia tuliyojifunza ni hii:

1. Usikimbilie. Acha mwanzishaji aimbe ubeti wa kwanza, au nusu yake, bila vyombo. Hakuna aliyekufa kwa kusikia sauti ya mtu peke yake.

2. Sikiliza mahali anapopumzika, hasa mwisho wa ubeti. Sauti ya mwisho ya wimbo, kwa kawaida, ni moja.

3. Iimbe sauti hiyo ndani ya mdomo wako, kisha itafute polepole kwenye kamba ya Mi, kwa sauti ndogo sana.

4. Jaribu nne na tano chini ya mstari unaofuata. Kama zinakubaliana na wimbo, umefika. Kama kila kitu kina huzuni na nyumba yenyewe inalia, huenda wimbo ni wa akordi ndogo, na nyumba yake ni ile sita.

5. Waonyeshe wenzako. Sisi tunatumia vidole: mpiga besi anainua kidole kimoja, vinne au vitano kuonyesha wapi tunaenda. Naye mpiga piano aanze kujifunza nyumba nyingine, moja kila mwezi.

Kuhusu kibonyezo cha piano kinachohamisha sauti: hatukikatazi. Lakini kinahitaji mtu anayejua kuhesabu amehamisha hatua ngapi. Umeme ukikatika na kurudi, huenda piano imesahau, na utaanza wimbo mahali ambapo hakuna mtu.

Mwendo na ukimya

Mtu anaweza kujua sauti zote na bado kuharibu ibada kwa sababu hajui kuhesabu. Kabla ya kupiga, hesabu kwa mguu. Nyimbo nyingi ni za nne: moja, mbili, tatu, nne. Nyingine ni za tatu, zinabembea. Nyingine za kwetu zina sita, zinakwenda mbilimbili kama hatua za mchezo.

Piga pamoja na ngoma kubwa ya mguu. Hiyo ndiyo ndoa ya besi. Mwanafunzi mpya apige mara moja tu kwenye hesabu ya kwanza, akaiache sauti idumu mpaka mwisho wa hesabu. Ni kidogo, lakini kanisa litaimba vizuri juu yake. Akishaimara, aongeze tano ya akordi, kisha njia ndogo ya kupita kutoka nyumba moja hadi nyingine.

Na katika sebene tuwe na kiasi. Tunajua kishawishi chake: akordi zinazunguka, watu wanacheza, na mpiga besi anataka kila mtu ajue kwamba yuko. Zaburi ya 33, mstari wa 3, inaagiza kupiga vizuri na pia kushangilia. Yote mawili, si moja. Naye mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 14, anakumbusha kwamba chombo kisichotofautisha sauti zake hakimwambii mtu kitu.

Kujifunza bila umeme na bila fedha nyingi

Ndugu wa vijijini watauliza: tutafanyaje bila bafle? Jibu ni kwamba sisi wenyewe tulijifunza zaidi bila umeme. Weka kichwa cha gitaa kigusane na mlango wa mbao au meza. Mbao itakuza sauti ya kutosha sikio lako. Kamba zilizochoka kwa uchafu wa vidole zitolewe, zichemshwe dakika chache katika maji, zikaushwe vizuri, kisha zirudishwe. Zitapata uhai tena kwa muda. Na baada ya ibada, pangusa kamba kwa kitambaa kikavu.

Dakika 20 kila siku ni bora kuliko saa tatu za Jumamosi. Mwezi wa kwanza: kulinganisha kamba, majina ya kamba mbili nene, na kuhesabu kwa mguu. Mwezi wa pili: ngazi kubwa, ukianza Sol, La na Do, huku ukiimba namba kwa kinywa. Mwezi wa tatu: moja, nne, tano katika nyumba tano tofauti, kwa nyimbo ambazo kanisa linazijua. Imba unapopiga. Sikio likitangulia, vidole vitafuata. Na kila parokia iwe na wapiga besi wawili au watatu, wakiwemo wasichana. Siku hizi hatujui nani atahama kesho.

Mama alirudi

Baada ya miezi kadhaa tulikwenda tena nyumbani kwa Mama. Safari hii tulikwenda na vijana wa vyombo. Tulimwomba msamaha, sisi kwanza kama mchungaji, kisha wao. Tulimweleza kwamba hakukosa toni hata siku moja. Alicheka, akasema, «Nilijua, wanangu. Lakini ninyi mlikuwa na mashine.»

Hakuanza mara moja. Alikaa nyuma Jumapili nyingine nne. Kisha tukawa na matanga ya ndugu mmoja, usiku, uani, bila umeme wa kutosha kwa piano. Kulikuwa na besi na bafle ndogo ya betri. Watu walikuwa wamechoka kulia. Katika ukimya ule Mama aliinua wimbo, taratibu, kwa sauti yake ya sasa ambayo ni ya chini kuliko ya zamani. Tulingoja. Tuliacha ubeti wa kwanza upite. Mwisho wa ubeti sauti yake ilitua, na kidole chetu kikaikuta kwenye nafasi ya 4 ya kamba ya Mi. La bemoli. Nne ilikuwa kando yake, na tano nafasi mbili mbele. Tulipiga mara moja moja tu, polepole. Mama hakugeuka kutazama. Aliendelea kuimba, na watu wote wakaingia.

Wapendwa, tulidhani elimu ya muziki itatusaidia kuonekana wazuri. Tumeona kwamba faida yake ni kumfuata mtu pale sauti yake ilipo, badala ya kumlazimisha apande hadi pale tunapojua kupiga. Tunawaomba viongozi wa korali na wapiga vyombo: mwulizeni nani ameacha kuimba katika parokia yenu, na kwa nini. Labda kosa si koo lake.

Mungu wa amani awalinde popote mlipo, waliobaki na waliohama, na atupe wote wimbo mmoja mbele zake. Amina.